Mota ndogo ya mashine ya kupasulia mbao: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Ukurasa huu ni wa wenye mashine ya kupasulia mbao ya kuhamishika, ile ambayo gogo hutulia na kichwa chenye msumeno wa mkanda ndicho kinachotembea juu ya reli. Injini kubwa huzungusha msumeno. Kupandisha na kushusha kichwa, na kwenye mashine nyingi kukisukuma mbele na kukirudisha, ni kazi ya mota ndogo ya volti 12 inayokula umeme wa betri. Mota hiyo ikigoma, injini inanguruma vizuri tu huku gogo limebaki nusu.

Nimebonyeza swichi, mota iko kimya kabisa. Nianzie wapi?

Usianzie kwenye mota. Anzia kwenye betri, ufuate umeme unavyosafiri: betri, fyuzi au breka, swichi ya mbele na nyuma, rilei (swichi inayowashwa kwa umeme) kama ipo, nyaya zinazojikunja kila kichwa kinapotembea, ndipo mota, kisha hasi irudi betrini. Chukua mita au taa ya majaribio ya volti 12. Ncha moja ibaki kwenye hasi ya betri, nyingine uisogeze kituo kwa kituo huku mwenzako ameshikilia swichi. Umeme unapopotea, hapo ndipo penye ugonjwa. Mwisho pima kati ya nyaya mbili zinazoingia kwenye mota yenyewe. Ukikuta volti 12 na mota haitikisiki, sasa una haki ya kuishuku.

Nyaya zinazojikunja ndizo za kuchunguza kwa makini zaidi. Ganda la plastiki hubaki zima huku shaba ndani imekatika. Pitisha vidole taratibu na kuukunja waya kidogo kidogo. Mahali panapolegea kuliko kwingine, kama kamba iliyolowa maji, mara nyingi shaba imeshakatika hapo.

Kama umeme unafika na mota imekaa kimya, igonge kidogo kwa mpini wa bisibisi wakati swichi imebonyezwa. Ikishtuka na kuzunguka, kaboni, yaani vipande vinavyopeleka umeme kwenye sehemu inayozunguka, zimeisha au zimekwama. Nimesema mpini wa bisibisi. Nyundo itapasua sumaku zilizo ndani.

Kuna hatari gani wakati wa kutengeneza?

Hatari kubwa haitoki kwenye umeme wa volti 12, inatoka kwenye kichwa cha mashine. Ukifungua mota au mnyororo wake wakati kichwa kinaning'inia, kinaweza kushuka chote kwa mara moja, na ni kizito. Kishushe mpaka chini kabisa, au kama kimekwama juu, weka vipande vya magogo pande zote mbili kisha ukilaze juu yake. Usiamini breki wala giaboksi kukishikilia.

Halafu zima injini, toa ufunguo uweke mfukoni mwako, ondoa waya wa hasi kwenye betri. Hasi ndiyo ya kutangulia kutoka, na ndiyo ya mwisho kurudi. Spana ikigusa fremu wakati unafungua chanya huku hasi bado imefungwa, utapata cheche zinazoweza kuyeyusha chuma. Pete na saa ya chuma vivuliwe. Msumeno nao utolewe au ufunikwe, kwa sababu mikono yako itakuwa karibu nao na macho yako yatakuwa kwingine.

Betri inasoma volti 12.6, lakini mota inainua kwa unyonge. Inawezekanaje?

Hili ndilo swali ninalopenda kulijibu kwa kirefu, maana hapa ndipo mota nzima nyingi hutupwa.

Volti 12.6 ni kipimo cha betri iliyojaa ikiwa imepumzika. Injini ikiwaka na kuchaji vizuri, utakuta kati ya 13.8 na 14.4. Lakini kipimo cha kupumzika hakikuambii chochote kuhusu nyaya. Kiungio chenye kutu hupitisha volti zote pale ambapo hakuna mkondo. Kasoro hujitokeza mota inapovuta mzigo.

Fanya hesabu. Mota inavuta ampea 30, na mahali fulani njiani pana ukinzani wa omu 0.1 tu, kitu ambacho mita ya kawaida huweza kukisoma kama sifuri. 30 mara 0.1 ni volti 3. Mota yako inabaki na 9 na kidogo, na robo ya umeme imeishia njiani. Imeenda wapi? Imekuwa joto, wati 90 kwenye kiungio kimoja, joto linalotosha kuyeyusha plastiki.

Katika siku zangu za mwanzo nilinunua mota mpya kwa sababu ya dalili hii hii. Nikaifunga, ikainua kwa unyonge uleule. Jioni nikiwa nakusanya spana nikagusa bolti ya hasi kwenye fremu, ikanichoma kidole. Nikaifungua. Chini ya washa, ile pete bapa ya bolti, kulikuwa na rangi ya fremu, nzima kabisa, duara safi la rangi ambalo halijawahi kukwanguliwa tangu mashine iundwe. Umeme wote ulikuwa unapita kwenye nyuzi za bolti peke yake. Nilikwangua mpaka chuma kikang'aa, nikakaza, nikarudisha mota ya zamani. Ikapandisha kichwa kama mpya.

Kwa hiyo pima mota ikiwa kazini. Weka mita kati ya hasi ya betri na waya wa hasi wa mota wakati kichwa kinapanda. Kisha kati ya chanya ya betri na waya wa chanya wa mota. Upande wowote ukizidi nusu volti, una kiungio kibovu au waya mwembamba. Kuhusu unene: umbali wa mita 4 kwenda na 4 kurudi, ampea 30, waya wa milimita za mraba 2.5 unapoteza karibu volti 1.7. Wa 6 unapoteza 0.7. Wa 10 unapoteza 0.4. Waliofunga waya mwembamba ili kuokoa pesa ndio wanaoishia kununua mota.

Nitajuaje kama mota ni dhaifu au imezidiwa na mzigo?

Itenganishe. Kichwa kikiwa kimelala juu ya magogo, ondoa mnyororo au mkanda unaounganisha mota na giaboksi, kisha iendeshe bure. Ikizunguka haraka, kwa mlio ulio sawa, bila cheche nyingi, mota ina afya. Sasa zungusha skrubu ndefu au gia ya kupandishia kwa mkono. Ikiwa nzito, tafuta utomvu uliokauka kwenye nguzo, unga wa mbao ulioganda na grisi ukawa kama udongo, nguzo iliyopinda, au beringi ya kichwa iliyokufa. Safisha na ulainishe hapo kabla hujafungua skrubu hata moja ya mota.

Mota isiyozunguka huvuta umeme mwingi kuliko inayozunguka, kwa sababu mzunguko wenyewe ndio unaozalisha volti za kupinga mkondo. Ukikilazimisha kichwa kilichokwama huku umeshikilia swichi, unaipika. Sekunde chache zinatosha kuanza kuchoma vanishi inayokinga nyaya za ndani.

Ninaifunguaje bila kuiharibu?

Kabla ya kugusa bolti, chora mstari kwa patasi au rangi unaopita kwenye kifuniko cha mbele, mwili, na kifuniko cha nyuma. Mistari hiyo ndiyo itakayokurudisha. Mwili ukigeuzwa nusu duara kwenye mota ya sumaku mbili, mota itazunguka kinyume, na kifuniko cha kaboni kikikaa pembeni kidogo, itapoteza nguvu na kutoa cheche.

Toa bolti mbili ndefu zinazopita mwilini. Kifuniko cha upande wa kaboni kitoke taratibu, kwa sababu kaboni zina springi na zitaruka. Pia hesabu washa nyembamba kwenye shafti, upande gani zilikuwa ngapi. Piga picha.

Wakati wa kurudisha amecha, yaani sehemu ya ndani inayozunguka na shafti yake, shika shafti kwa nguvu. Sumaku huivuta ndani ghafla, na kidole kilicho kati ya amecha na mwili kitaumia.

Kaboni zinabadilishwa lini?

Zikibaki theluthi ya urefu wa awali, au springi ikikaribia kugota kwenye kishikio chake. Angalia pia kama kaboni inateleza kwa uhuru ndani ya kishikio. Unga wa kaboni ukichanganyika na unyevu huigandisha, na kaboni ndefu iliyokwama ni sawa na kaboni iliyoisha.

Usinunue kwa kuangalia ukubwa peke yake. Kaboni za mota ya volti 12 huwa na shaba nyingi ndani yake, zina rangi ya wekundu au kahawia, kwa sababu zinabeba ampea nyingi kwa volti chache. Kaboni nyeusi ya drili ya umeme wa nyumbani, hata ukiichonga ikaenea, itapata moto na mota itakosa nguvu.

Mpya zinahitaji kuzoeshwa. Zungushia komyuteta, yaani duara la vipande vya shaba ambalo kaboni huligusa, kipande cha msasa laini, upande wenye mchanga uelekee kaboni, kisha zungusha shafti kwa mkono mpaka uso wa kaboni uchukue mviringo. Ondoa msasa, futa vumbi lote, halafu iendeshe bila mzigo dakika kadhaa.

Komyuteta imekuwa nyeusi. Nisugue?

Rangi ya kahawia iliyokolea, inayong'aa na kulingana pande zote, ni ya afya. Iache. Kinachotaka kazi ni weusi wa kuungua, mifereji, au vipande viwili vitatu vilivyoungua kuliko vingine.

Tumia msasa wa namba 400 au 600, wa karatasi ya kawaida ya mchanga. Msasa wa kitambaa cheusi wa kusugulia chuma uuache. Punje zake hubaki kati ya vipande na baadhi hupitisha umeme. Zungusha amecha huku ukisugua ili uso ubaki wa duara. Kisha tazama mifereji midogo kati ya vipande vya shaba. Kizio kilichomo, kisichopitisha umeme, kinatakiwa kiwe chini ya shaba kwa nusu milimita au zaidi kidogo. Kikiwa sawa na shaba, kaboni inarukaruka. Kikwangue kwa kipande cha blade ya hakisoo kilichonolewa kikawa chembamba, mfereji baada ya mfereji, bila kukwaruza shaba. Ni kazi ya subira ya nusu saa na inalipa.

Vipande vikiwa vimeinuka au vimelegea, usipoteze muda. Amecha hiyo imekwisha.

Nitapimaje kama amecha imeungua?

Pua kwanza. Harufu ya vanishi iliyoungua haifanani na kitu kingine chochote, na hubaki hata baada ya miezi.

Kisha weka mita kati ya kila kipande cha komyuteta na shafti. Hakuna kinachotakiwa kupita. Kikipita, koili imegusa chuma. Kati ya kipande na kipande hali ni ngumu zaidi, kwa kuwa ukinzani wake ni chini ya omu moja na mita ndogo haioni tofauti. Njia nzuri ni kupitisha mkondo mdogo wa ampea kama 1 kupitia amecha, ukitumia balbu ya gari kama kizuizi, na kupima milivolti kati ya vipande jirani, kuzunguka duara lote. Vipimo vinavyofanana ni dalili njema. Jozi inayosoma karibu sifuri ina shoti, na inayosoma juu sana imekatika au risasi yake ya kulehemu imeyeyuka. Hiyo ya mwisho unaweza kuiokoa kwa kulehemu upya, ukiona risasi imerukia ukutani mwa mwili wa mota.

Sumaku imebanduka. Naweza kuibandika?

Ndiyo, kama haijavunjika vipande vipande. Kwangua gundi ya zamani, futa mafuta kwa spiriti, tumia gundi ya epoksi ya sehemu mbili inayovumilia joto, na uiache ikauke siku nzima. Kabla ya kuibandua kabisa, weka alama uso wake wa ndani na upande wake wa juu. Sumaku ikigeuzwa, mota haitafanya kazi.

Beringi zinapiga kelele. Nichague zipi?

Namba iko ubavuni. 6203, kwa mfano, ina tundu la milimita 17, kipenyo cha nje 40 na unene 12; 6202 ni 15, 35 na 11. Baada ya namba, tafuta 2RS, yaani mpira pande zote mbili. Zenye ZZ zina vifuniko vya bati, na unga wa mbao hupenya pembeni mwake.

Unapoingiza beringi kwenye shafti, bomba lako ligonge pete ya ndani. Unapoiingiza kwenye kifuniko, ligonge ya nje. Ukifanya kinyume, gololi zinaacha alama kwenye njia yake na beringi mpya itaanza kulia ndani ya wiki. Kama mota ina bushi za shaba badala ya beringi, zipe mafuta mepesi ya injini, si grisi.

Inapanda lakini haishuki.

Swichi. Mota ya sumaku ya kudumu hugeuka kwa kubadilishana chanya na hasi tu, kwa hiyo inayopanda vizuri ina uwezo wa kushuka. Fungua swichi uone mguso upi umeungua. Kama kuna rilei mbili, zibadilishane nafasi: tatizo likihama nazo, umempata mhalifu. Angalia pia swichi ya kikomo, inayokata umeme kichwa kinapofika mwisho wa njia, kama imezibwa na unga wa mbao.

Mota ya kusukuma ina spidi moja tu, kitufe cha kuzungusha hakifanyi kitu.

Ondoa mota kwenye kirekebisha spidi, iunganishe moja kwa moja na betri kupitia fyuzi. Ikienda vizuri, mota ni salama. Kinachobaki ni kitufe chenyewe, ambacho vumbi likiingia hukosa mguso, au bodi ya elektroniki. Bodi iliyoungua huenda ikatoa spidi yote bila kuzuilika, au isitoe kabisa. Kitufe ni rahisi, badilisha hicho kwanza.

Fyuzi inakatika kila mara. Niweke kubwa zaidi?

Hapana. Na waya uliokunjwa badala ya fyuzi, hapana kabisa. Umekaa juu ya mashine yenye petroli, betri na unga mkavu wa mbao. Fyuzi ndiyo inayokutenganisha na moto. Inakatika kwa sababu mzigo umekwama, waya umegusa fremu, au amecha ina shoti. Ondoa nyaya kwenye mota: ikikatika tena, tatizo liko njiani. Isipokatika, hakikisha mzigo haujakwama, kisha fungua mota.

Mashine yangu inatumia mota ya umeme wa gridi. Inanguruma bila kuanza.

Kwenye mota ya fezi moja, mshukiwa wa kwanza ni kapasita ya kuanzishia (kifaa kinachotunza chaji ya kuisukuma mota ianze), wa pili ni swichi ya ndani inayofunguka kwa mwendo. Chomoa umeme, na usiguse kapasita kabla ya kuimaliza chaji kwa kuiwekea kizuizi (rezista) cha kiloomu 10 hadi 20 kwa sekunde kadhaa. Kuna wanaojaribu kuzungusha puli kwa mkono ili mota ianze. Msumeno ukiwa umefungwa, kamwe usifanye hivyo.

Kwenye fezi tatu, mlio huo mara nyingi ni fezi moja iliyopotea. Zima mara moja kabla koili hazijaungua. Kizio cha koili kipimwe kwa megomita, yaani mita ya kupimia vizio, ya volti 500. Chini ya megaomu 1, usiiwashe. Na kama hujazoea umeme huu, mwite fundi umeme. Hauna huruma ya volti 12.

Naweza kufunga mota ya winchi au ya waipa badala yake?

Ya winchi ina nguvu, ila nyingi zimetengenezwa kufanya kazi dakika chache na kupumzika. Soma kibati chake: S1 ni ya kazi mfululizo, S2 ni ya muda mfupi. Zile ambazo koili zake za nje zimeungwa mfululizo na amecha hazigeuki kwa kubadilishana nyaya za betri, na zikiendeshwa bila mzigo mwendo hupanda mpaka zinaharibika. Ya waipa hutosha kusukuma kichwa chepesi, lakini nyingi zina kaboni ya hasi iliyofungwa kwenye mwili. Ukigeuza umeme, mwili mzima unakuwa chanya na ukigusa fremu ni shoti. Ifunge juu ya mpira au plastiki ngumu, au utafute nyingine.

Nisafishe kwa petroli? Kwa hewa ya kompresa?

Petroli hulainisha vanishi ya koili na hubaki kwenye mashimo, kisha cheche ya kwanza ya kaboni inaiwasha. Tumia dawa ya kusafishia vifaa vya umeme au spiriti, na uache ikauke kabisa.

Hewa yenye nguvu inasukuma unga wa kaboni ndani zaidi ya koili, na unga huo unapitisha umeme. Vuta kwa mashine ya kunyonyea vumbi, malizia kwa brashi laini.

Kuisuka upya au kununua?

Amecha ndogo ya sumaku za kudumu nadra kustahili kusukwa, labda pale ambapo mota yake haipatikani tena. Ukinunua, linganisha volti, ampea, mizunguko kwa dakika, mwelekeo, kipenyo cha shafti na mashimo ya bolti. Ukipewa nafasi ya kuchagua, chukua yenye IP54 au zaidi, iliyokingwa vumbi na maji yanayorukia.

Nimeirudisha. Nijaribuje kabla ya kupakia gogo?

Iendeshe bure dakika mbili, pande zote mbili, ukitazama cheche na kusikiliza. Funga mnyororo, upe ulegevu kidogo. Uliokazwa mno unaua beringi ya mbele. Pandisha kichwa mpaka juu na ukishushe mara tano, kisha weka kiganja kwenye mwili wa mota, halafu kwenye kila kiungio cha waya, kimoja kimoja. Mota ikiwa vuguvugu ni sawa. Kiungio kikiwa na joto kuliko mota, rudi ukifungue, ukikwangue na kukikaza kabla ya kukata ubao wa kwanza.